Hodi ya Kiganjani

Jinsi Zaituni Pazi alivyofika nchi ya Uchezo ni habari ndefu isiyo na faida kwa mtu. Alifika, viatu vina vumbi, begi limekufa zipu. Cha kusimulia ni kilichompeleka, kwa sababu kilikuwa kosa tangu mwanzo.

Zaituni alikuwa mtangazaji wa michezo redioni, na akisema michezo ana maana ya mpira. Ndiye yule mwanamke ambaye timu ikipata goli la dakika za mwisho, majumbani watu hukimbilia kupunguza sauti ya redio ili watoto wachanga wasishtuke. Serikali ya Uchezo ilipomwalika "bingwa wa kutangaza michezo" aje kushuhudia jambo kubwa la taifa, hakuuliza mara mbili. Alijua ni fainali. Hakujua kwamba watu wa kule wakitaja michezo hawafikirii jasho hata kidogo. Wanafikiria ile ya kwenye kioo, ya kubonyeza, na kwao hiyo ndiyo siasa, ndiyo umbea, na ndiyo sababu ya ndugu kununiana.

Mpakani alikuta ukuta mzima umegeuzwa kioo, na ndani ya kioo kuna mbuga inayopepea, kila unyasi ukiinama kivyake. Swala mmoja akainua kichwa, akamtazama yeye Zaituni usoni. Mwili ukamsisimka. "Jamani!" alipiga kelele. "Hii nchi si mchezo!"

Askari wa mpakani akaruka kutoka kitini. "Nani si Mchezo? Yule mwenye kofia? Mama, tafadhali, yule ni binamu yangu, ana kitambulisho!"

Ilibidi aeleweshwe. Raia wa Uchezo huitwa Mchezo, wakiwa wengi ni Wachezo, na kusema kwamba fulani si Mchezo ni kumvua uraia hadharani. Zaituni aliomba radhi. Lakini ulimi uliendelea kumponyoka muda wote aliokaa huko, maana kila alipogeuka aliona jambo linalostahili sifa hiyohiyo.

Mwenyeji wake alikuwa Mheshimiwa Kondo, Waziri wa Kuchezeka, bwana mnene, mcheshi, aliyevisha kila kidole gumba soksi ndogo ya hariri. Kidole gumba ni kiungo cha heshima Uchezo. Watu huamkiana kwa kuvigusanisha, na aliyeteguka kidole gumba hupewa likizo sawa na ya aliyefiwa. Kondo alimgusa mgeni wake kwa adabu, akamkaribisha juisi ya ukwaju, kisha akamfafanulia mambo ya nchi.

"Tuna vyombo viwili, Bi Mgeni. Kuna Jabali na kuna Kiganja."

Jabali hukaa sebuleni na halitoki. Hubebwa na watu wawili siku linaponunuliwa, na likiwashwa taa za jirani hupepesa. Kiganja kinashikwa mkononi, kinaingia kwenye mkoba, kinachezwa kwenye foleni ya hospitali na chini ya meza ofisini. "Hata barazani, wakati wa hotuba," Kondo alinong'ona, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Miaka yote mchezo uliotoka kwenye Jabali ulichezeka pia kwenye Kiganja, na nchi ikalala usingizi. Sasa limetoka Jabali la kizazi kipya, lenye nguvu ambazo Kiganja hakiwezi kuzifuata hata kikikimbia. Watengenezaji wengi wanataka kukiacha njiani. Nusu ya nchi inauliza: na sisi tusio na sebule?

"Kwa hiyo nimeandika sheria," Waziri alisema, kifua mbele. "Mstari mmoja tu. Kila mchezo wa kizazi kipya sharti uchezeke kiganjani. Asiyeielewa hiyo ana lake jambo."

"Imeshapitishwa?"

"Bado. Lakini inatumika."

Maana Uchezo sheria hujaribiwa kwanza juu ya watu, ndipo isomwe. Wanayo wilaya nzima kwa kazi hiyo, Wilaya ya Majaribio, na wakazi wake wamezoea kuamka asubuhi na kuuliza leo ni marufuku nini. Kondo alimpeleka huko mchana uleule, akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuonyesha shamba lake.

Maafisa wa wilaya walikuwa wameisoma sheria kwa bidii zao zote. Mchezo, walisema, ni kitu chochote kinachochezwa. Kizazi kipya, nani asiyejua, ni vijana. Basi kazi ikaanza.

Kwenye uwanja wa mpira Zaituni aliwakuta vijana wa timu mbili, jezi zimepigwa pasi, wamekaa kuzunguka sinia. Ndani ya sinia kulikuwa na ndimu, na ndimu ile ilikuwa ikipigwa danadana kwa vidole. Mashabiki walilala kifudifudi ili waone. Kwenye uwanja wenyewe, wa majani, waliokuwa wakikimbia ni wastaafu, kwa kuwa wao si kizazi kipya na sheria haikuwagusa. Walikimbia wakishika viuno, wakiwatazama vijana kwa wivu.

Zaituni angefanya nini? Damu ya utangazaji ilipanda kichwani. Akajitupa kifudifudi naye. "Kidole cha shahada kinapanda upande wa kulia! Anampiga chenga wa kati, anabaki na pete, pete hajiwezi, anaachia shutiiii..." Ndimu iliruka nje ya sinia ikakanyagwa na mwamuzi. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Zaituni alijiinua akijifuta vumbi, anacheka peke yake, na kwa muda huo aliona hata sheria ile ina utamu wake.

Kisha akasikia ngoma. Moyo ukamruka, maana ngoma ya harusi haihitaji mkalimani. Alikimbia kuelekea turubai. Ngoma ilikuwa inachemka kweli, shangazi na mabibi wamejifunga kanga viunoni wanayumba kama inavyotakiwa, na katikati yao bibi harusi, maua kichwani na hina hadi kwenye viwiko, amekaa tuli kitini. Alikuwa anacheza kwa vidole viwili juu ya kiganja chake cha kushoto. Vidole viwili vya bwana harusi vilicheza pembeni, vikijitahidi.

Maana ngoma nayo huchezwa, na maafisa hawakuona sababu ya kuisamehe.

Bibi harusi aliinua macho. "Dada," alimuuliza Zaituni kwa sauti ya chini, "kwenu wanaruhusu kiuno?"

"Wanaruhusu, mdogo wangu."

"Basi waambie."

Furaha ya Zaituni ilizama pale pale kama jiwe. Alimgeukia Waziri. Waziri alikuwa akizikagua soksi zake. "Kuna kasoro ndogo ndogo," alisema.

Baraza la kutunga sheria lilikutana kesho yake, na ndipo Zaituni alipojua aliitiwa nini. Huko Uchezo mleta muswada ndiye mwenyekiti wa mjadala, ili muswada usipotee njiani, kwa hiyo Kondo alikalia kiti kikubwa. Upande wa kulia Wanajabali walijilaza kwenye makochi, mito mgongoni. Upande wa kushoto Wanakiganja walisimama wote, wamebanana, kila mmoja na mkoba wake begani kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani. Hawakunyimwa viti. Walivikataa, kwa msimamo. Kura hupigwa kwa kidole gumba: anayekubali hukiinua, anayekataa hukificha ndani ya ngumi. Na kwa kuwa kura za Uchezo zimefungana tangu babu zao, mgeni ndiye huamua.

"Mimi?" Zaituni alishika kifua.

"Wewe huna upande," Kondo alisema kwa uchangamfu. "Ukishaamua unaondoka, na sisi tunabaki na mtu wa kumlaumu. Utaratibu huu umetusaidia sana."

Aliyesimama kwanza kupinga alikuwa Bi Nyamvula, mtengenezaji wa michezo anayesifika kuliko wote nchini, mwanamke mrefu, sauti yake ya taratibu. Mchezo wake mpya uliitwa Mvua ya Kwetu, na watu waliuzungumzia mitaani kama wanavyozungumzia mtoto aliyefaulu. Aliwasha Jabali lililoletwa mbele ya baraza. Kwenye kioo ilitokea nyumba ya bati, ua, mpapai, ndoo chini ya mchirizi. Mvua ikashuka. Zaituni alishika mdomo. Aliona tone likiangukia jani la mpapai, jani likainama, tone likateleza, likadondoka kwenye ndoo, na maji ya ndoo yakafanya duara.

"Kila tone lina njia yake," Nyamvula alisema. "Ndiyo kazi ya miaka yangu yote. Kiganja kikipewa mvua hii kinapata moto kama pasi, kisha kinazima. Sasa sheria inaniambia niikaushe mvua yangu, nyumba niikate, mpapai niung'oe, mpaka kila kitu kienee mfukoni mwa mtu. Na ili msiseme natia chumvi, nimekuja na kielelezo." Alitoa Kiganja mfukoni, akakiinua kiunganishwe na kioo cha pili. "Huu ndio mchezo wangu ukitimiza sheria ya Mheshimiwa."

Wanajabali waliangua kicheko makochini. Ua ulikuwa mkavu, rangi imepauka. Mpapai ulisimama kama fimbo. Ndoo ilikuwepo, haina tone. Hata Wanakiganja wengine walitazama chini.

Mmoja hakutazama chini. Alisogea mbele, mwanamume kifua kipana, fulana ina vumbi la saruji. Huyu alikuwa Shomari, dereva wa lori na msemaji wa waliosimama. Nyamvula alipomwona akageuza uso, na watu wote wakanyoosha shingo, kwa sababu nchi nzima ilijua wale ni dada na mdogo wake, tumbo moja, na kwamba tangu Jabali jipya litoke hawajasemeshana.

"Dada," Shomari alisema, "shikamoo."

Nyamvula aliitikia akikitazama kioo. "Marahaba."

"Ile ndoo naijua. Nimeibeba mimi kichwani kila masika. Ule mpapai nimeanguka kutoka juu yake, wewe ukanifunga mkono kwa kanga yako, mama asijue. Tulikua na Kiganja kimoja, tunacheza kwa zamu, tunagombana, unanipa zamu yako nikilia. Leo umeijenga nyumba ya mama, sifa tele, na nchi nzima imeingia ndani. Mtu ambaye hajaingia ni mimi, mwanawe, kwa sababu sebule yangu ina usukani." Alinyoosha mkono kuelekea kioo. "Mimi sijui sheria. Nimekuja kuomba niingie kwetu."

"Huko si kwetu!" Nyamvula alikionyesha kioo cha pili, na sasa sauti yake haikuwa ya taratibu tena. "Tazama ua ulivyokauka! Unataka uingie hapo?"

"Nipe."

"Utaumia bure, Shomari."

"Nipe, dada."

Alimpa. Pengine alitaka aone mwenyewe, akate tamaa, yaishe. Shomari alikishika Kiganja kwa mikono miwili, akaangalia ua mkavu, na uso ukamwanguka kweli. Zaituni alimwonea huruma. Halafu Shomari akainamisha sikio.

"Mbona kunanyesha?" akasema.

Kwa maana Nyamvula, katika haraka ya kuiondoa mvua machoni ili aiaibishe sheria, alisahau kuitoa masikioni. Kondo aliagiza sauti ipandishwe. Na ndani ya baraza, juu ya makochi na juu ya vichwa vya waliosimama, ikaanza mvua ya bati: kwanza matone mawili matatu yanayojaribu, kisha ule mshindo mmoja mzito unaofanya watu ndani ya nyumba waache kuzungumza. Shomari alifumba macho. Watu wengi walifumba. Ua mkavu ukawa hauna tena cha kuwaudhi.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," Shomari alisema. "Mvua ikinyesha mama alikuwa anafunga madirisha. Hatukuwa tunaiona, dada. Tulikuwa tunaisikia."

Nyamvula alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Shomari alifumbua macho, akamtembeza yule mtu mdogo wa kwenye mchezo, kupita ndoo, kupita mpapai, mpaka mlangoni. Mlango haukufunguka. Akabonyeza. Yule mtu mdogo akainua mkono, na sauti ikatoka kwenye kioo, safi kabisa, katikati ya mvua:

"Hodi!"

Na baraza zima likaitikia: "Karibu!"

Zaituni alisikia nywele zikimsimama. Hawakupanga. Nani anaweza kusikia hodi akakaa kimya? Ilitoka makochini na ilitoka kwa waliosimama, na mzee mmoja wa Wanajabali, aliyeapa asubuhi ile kwamba Kiganja hakitamaliza mwaka, ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akaziba mdomo kwa mto. Kondo mwenyewe aliitikia. Zaituni naye, mgeni, asiye na upande.

Lakini mlango ulibaki umefungwa.

"Haufunguki," Shomari alisema, akibonyeza tena. "Hodi!" ikasema sauti.

"Haufunguki kwa kelele zao," Nyamvula alisema polepole. "Ule mlango niliutengenezea wachezaji wawili. Wa nje anabisha, wa ndani ndiye anafungua." Alivuta pumzi. "Sikuwa na wa pili. Nikicheza peke yangu, nimekuwa nikiuruka."

Watu wote wakamtazama. Yeye alilitazama Jabali lake, mvua ikimiminika juu yake kwa uzuri wote ule, na ndani ya nyumba yake ya bati hakuna mtu. Zaituni alijua hali hii. Ni mpigaji na mpira na mstari wa goli. Alitaka kupiga kelele, akajiuma mdomo.

Nyamvula alinyoosha mkono akabonyeza kwenye Jabali.

"Karibu, baba," ikasema sauti nyingine, na ilikuwa sauti ya Nyamvula mwenyewe. Mlango ukafunguka kwenye vioo vyote viwili kwa pamoja, kwenye kimoja mvua inaonekana, kwenye kingine inasikika, na yule mtu mdogo akaingia ndani akaketi kwenye kimoja cha vigoda viwili vilivyokuwa wazi. Shomari alijifuta uso kwa mkono wake wenye saruji, akabaki na mistari. Nyamvula alicheka na kulia kwa pamoja. Baraza lilipagawa. Mito ilirushwa. Wanakiganja walikaa, kwa mara ya kwanza, kwenye mapaja ya Wanajabali.

Ilichukua muda Kondo kuirudisha sauti yake. "Mheshimiwa Mgeni!" alisema, uso unang'aa. "Naona mambo ni mazuri. Kidole chako, tafadhali. Muswada unapita?"

Zaituni alisimama. Aliinua mkono wake, na baraza likatulia. Akakikunja kidole gumba taratibu, akakificha ndani ya ngumi.

"Hapana," alisema.

Wanajabali hawakujua washangilie au wasubiri. Wanakiganja walisema "Aa!" kwa pamoja.

"Nimetoka Wilaya ya Majaribio," Zaituni aliendelea, na sauti yake ya redio haikuhitaji kipaza sauti. "Nimemwona bibi harusi anacheza ngoma yake kwa vidole viwili. Hilo sharti lenu mkilifungulia geti halichagui, linakula na harusi. Siwezi kuliinulia kidole. Lakini hodi imepigwa humu ndani na mmeitikia, wote, wapingaji mkiwa wa kwanza. Mimi kwetu mtu akishaitikia karibu, hamwachi mgeni mvuani. Hilo halihitaji muswada. Bi Nyamvula hakulazimishwa na mtu."

"Kwa hiyo kila mtengenezaji atafungua?" mtu mmoja aliuliza kutoka kwa waliosimama.

"Wengine hawatafungua," Zaituni alisema. "Hao mtawajua, na mtawapigia hodi mpaka waone haya."

Jibu hilo halikumridhisha kila mtu, na nadhani ndivyo lilivyostahili. Jioni hiyo vijana wa Wilaya ya Majaribio waliuchukua uwanja wao, wastaafu wakakaa kwa shukrani, na bibi harusi aliirudia ngoma yake kuanzia mwanzo, kwa kiuno. Mheshimiwa Kondo hakukata tamaa. Kabla Zaituni hajafunga begi alikuwa ameandika muswada mwingine, mstari mmoja tu: Kila asikiaye hodi sharti aitikie. Ulianza kutumika siku hiyohiyo, na inasemekana Wilaya ya Majaribio hakuna tena anayemaliza kula.

Shomari alimpa Zaituni Kiganja chake cha zamani, kifuniko kimefungwa kwa raba, na ndani yake nyumba ya bati. Alirudi nacho kazini. Jumamosi moja mechi ilikuwa mbovu, bila bila, kipindi cha kwanza kimeisha watu wanapiga miayo, matangazo ya biashara yanapita. Alikitoa kwenye mkoba. Mvua ikanyesha sikioni. Alimtembeza mtu wake mdogo hadi mlangoni, moyo unadunda kama wa mtoto, akabonyeza.

"Hodi!"

Kimya. Mvua. Pengine Shomari yuko kwenye mlima na mzigo. Pengine Nyamvula amelala. Halafu sauti mbili, ya kike na ya kiume, zikagongana: "Karibu!" Mlango ukafunguka, na pembeni ya vile vigoda viwili mtu alikuwa ameongeza cha tatu.

Zaituni alipiga ukelele wa goli, ule wenyewe, wa dakika za mwisho, asijue kwamba matangazo yamekwisha na yuko hewani. Mtaani kote watu walikimbilia redio. Simu ya studio ikaita, na msikilizaji mmoja, anahema, akauliza imekuwaje wakati wa mapumziko, nani kafunga?

"Hakuna aliyefunga," Zaituni alimwambia, sauti bado inatetemeka. "Wamefungua."